Jina la Wendell Kucera kwenye Kipaza Sauti

Watu wa mji wa Pell, huko Nebraska, waliweza kukutajia uzito wa kila mbeba mpira wa chuo chao, jina la mchumba wake, na ni goti lake lipi lililopasuliwa. Wendell Kucera alicheza mbele ya macho yao misimu minne. Nina hakika kwamba kama angeingia benki ya mji huo Jumatatu asubuhi akiwa amevaa jezi yake, karani angemuuliza kama ndiye fundi aliyekuja kutazama bomba la joto.

Kazi yake ilikuwa moja. Katika mpira wa Kimarekani, timu inaposhindwa kusonga mbele na kuamua kuupiga mpira mbali, lazima mtu ainame, aushike ule mpira wenye umbo la yai, atazame nyuma kupitia katikati ya miguu yake, na kuurusha kwa nguvu ufike kwenye mikono ya mpigaji aliyesimama yadi kumi na tano nyuma yake. Kabla hajainua kichwa, mwanamume mwenye uzito wa ndama aliyenona anamwangukia shingoni. Mpira ukifika vizuri, uwanja mzima unampigia makofi mpigaji. Usipofika, ndipo watu wanaulizana: nani yule?

Alizaliwa Dorn, mji mdogo wenye ghala la mahindi, kituo kimoja cha mafuta na makanisa yanayozidi idadi ya waumini. Baba yake alikufa mapema. Mama yake, Arlene, alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na hayo machache hayakuwa matamu. Wendell alipokuwa sekondari kocha wa shule aliuliza nani anataka kazi ya kurusha nyuma, wenzake wote wakatazama viatu vyao. Yeye akainua mkono. Si kwa unyenyekevu, maana hakuwa nao hata chembe. Aliona kazi isiyo na mshindani akaona ni yake.

Mazoezi aliyafanyia uani kwao, na aliyesimama kudaka ni mama yake, amevaa glavu nene za kutolea mikate kwenye oveni.

"Mama, rudi nyuma kidogo."

"Nikirudi nyuma zaidi nitakuwa kwa jirani."

"Michache tu, halafu basi."

"Ulisema hivyo jana, na kidole changu bado kimevimba kama soseji. Rusha, baridi hii."

Alirusha, naye alidaka, na mpira uliokwenda vibaya hakuufuata. Aliufuata mwenyewe aliyeurusha, mpaka kwenye zizi la kuku la jirani. Ndiyo malezi hayo, na ni bora kuliko mengi ninayoyaona siku hizi.

Kocha wa zamani wa Pell alikuwa mtu mwenye akili. Aliwahi kupoteza mchezo kwa sababu ya mpira uliorushwa na mtu asiyejua, akaapa haitatokea tena. Akampa Wendell ufadhili wa masomo, kwa kazi hiyo tu na si nyingine. Kisha kocha huyo akastaafu, akaja Rod Baskin, mwanamume mwenye meno meupe sana na kawaida ya kukupiga bega anapokwambia uongo.

Baskin hakuweza kuusamehe ufadhili ule. Mjini Pell kuna desturi: kila Jumatatu ya msimu wa mpira, wafadhili wa timu hula pamoja chakula cha mchana kwenye ukumbi wa chuo. Kocha huwaonyesha mkanda wa mchezo wa Jumamosi, akisimamisha hapa na pale na kueleza. Wenye maduka, daktari wa meno, mchungaji, wote huketi mbele ya kuku wa kukaanga wakijiona majenerali. Kila mara Wendell alipotokea kwenye mkanda, Baskin alikuwa na mzaha wake tayari.

"Na huyu hapa," alisema, "tunamlipia chuo kizima ili kila Jumamosi atuonyeshe makalio mara tano sita."

Wakacheka. Mchungaji naye akacheka, akijifuta mafuta mdomoni. Niliwahi kukaa kwenye meza hizo, kwa sababu nilikuwa nasimamia chumba cha kujisomea cha wanamichezo, na kwa miaka yote hiyo sikusikia hata mtu mmoja akiuliza jambo lililo wazi: kama kazi ile ni rahisi, mbona hakuna mwingine kwenye timu aliyeiweza?

Wachezaji wenzake nao hawakuwa na nafuu.

"Kucera, habari za huko chini chini? Dunia ikoje ukiwa umepinduka?"

"Safi tu," alijibu. "Nilikuona. Ulikuwa umekaa benchi, kichwa chini, miguu juu."

Alikuwa na ulimi huo. Alikuwa pia mbishi wa alama, mtu wa kugombania nusu maksi kama vile ni urithi. Sikumpenda sana mwanzoni. Lakini jioni moja aliniambia jambo ambalo sikulisahau. Mtangazaji wa uwanjani, Burl Oakes, ambaye sauti yake ilitoka kwenye kipaza sauti na kwenye redio ya wilaya kwa wakati mmoja, hutaja jina la mbeba mpira, la mdakaji, la mpigaji. La mrusha nyuma halitaji kamwe, isipokuwa ameharibu.

"Misimu minne Oakes hajanitaja mchezo ukiwa unaendelea," Wendell alisema. "Nikiondoka hapa hajanitaja, nimeshinda."

Ndicho alichokitaka. Hakutaka sifa, alitaka kuondoka bila doa. Ilibaki Jumamosi moja.

Sasa niwalete akina Tharpe. Gil Tharpe aliuza matrekta, na nusu ya viti vya uwanja wa Pell vilinunuliwa kwa fedha zake, jambo ambalo hakumwachia mtu alisahau. Kwenye ukuta wa duka lake alitundika makoti ya chuo: la baba yake, lake mwenyewe, la mwanawe mkubwa, kila moja likiwa na P kubwa ya kitambaa kifuani. Herufi hiyo hupewa mchezaji anayemaliza masomo, sharti awe ameingia uwanjani angalau mara moja katika msimu wake wa mwisho. Mwanawe mdogo, Colby, alikuwa hajaingia. Alikuwa kijana mpole wa safu ya ulinzi, mzito wa miguu, mwenye adabu, na ambaye hakupaswa kuwa kwenye timu ile hata kidogo. Nafasi ya nne ukutani ilikuwa tayari imepigwa msumari.

Alhamisi kabla ya mchezo wa mwisho Baskin akamwita Wendell ofisini.

"Kaa, kijana wangu. Nina ombi dogo la kitimu."

"Nitasimama, Kocha."

"Jumamosi, tukiwa tunaongoza vizuri, mpira mmoja wa kupiga mbali atarusha Colby. Mmoja tu. Apate herufi yake."

"Colby ni mlinzi. Mwingize kwenye ulinzi."

"Ulinzi ni kitu cha hatari, Wendell. Akikosea pale wanatufunga."

"Na kwangu akikosea?"

"Kwako ni kuinama tu, bwana! Hebu usijifanye daktari wa upasuaji."

"Hajawahi kurusha hata mmoja."

"Basi mfundishe. Kesho baada ya mazoezi. Na hii si hoja ya kujadili."

Kesho yake Wendell alingoja uwanjani akiwa na mpira na mpigaji aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Colby hakuja. Baba yake alikuwa amemwandalia karamu ya kumpongeza kwa herufi ambayo hakuwa ameipata.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuwaaga wanaomaliza. Kabla ya mchezo kila mmoja wao hutembea hadi katikati ya uwanja akiwa ameshikana mkono na wazazi wake. Arlene alivaa koti lake la kanisani na kutembea kama mtu anayekwenda kulipa faini. Kisha akapanda jukwaani, akajifunika blanketi, akangoja.

Pell waliongoza mapema na kuzidi kuongoza. Katika robo ya mwisho ukafika wakati wa kuupiga mpira mbali. Wendell akavaa helmeti yake, akaanza kukimbia, na Baskin akamzuia kwa kiganja kifuani.

"Pumzika. Colby! Ingia!"

Colby alisimama akiwa amepauka. Alipompita Wendell alinong'ona, "Kaka, vidole nashikaje?"

"Sasa ndiyo unauliza?"

"Nisamehe. Mimi sikuomba hili."

Wendell, ambaye alikuwa na kila haki ya kugeuka na kwenda zake, alimshika mkono na kumpangia vidole kwa haraka juu ya mshono wa mpira wa akiba. "Usimwangalie yule jamaa wa mbele yako. Angalia mikono ya mpigaji tu. Tu."

Colby alimwangalia yule jamaa wa mbele yake. Mpira ulipaa juu ya kichwa cha mpigaji kana kwamba umetoroka jela, ukadundadunda kuelekea upande wa Pell, wapinzani wakaufukuza, wakauangukia, wakafunga.

Na hapo Burl Oakes, huko juu kwenye kibanda chake chenye joto, alitazama karatasi yake badala ya kutazama uwanja. Karatasi ilisema mrushaji ni Kucera. Namba ya mtu aliyeinama hakuitafuta. Kwa nini aitafute? Hakuwahi kuitafuta.

"Loo! Kucera ameurusha juu mno!" Sauti ilijaa uwanjani na kwenye kila jiko lenye redio wilayani. "Wendell Kucera! Balaa gani hili kutoka kwa Wendell Kucera!"

"Siyo mwanangu yule!" Arlene alisimama, blanketi likaanguka. "Oakes, fungua macho! Siyo mwanangu!"

Mwanamume wa mbele yake aligeuka kwa huruma ya kuudhi. "Mama, kubali tu. Kila mtu ana siku mbaya."

"Siku mbaya utaipata wewe sasa hivi. Tazama namba!"

Hakutazama. Mbeba mpira alikuwa ameanza kukimbia tena, na macho yote yalikuwa kwake.

Pell walishinda hata hivyo, na ushindi, kama ilivyo kawaida katika mji ule, ukatumika kuosha kila kitu isipokuwa jina la mtu mmoja.

Jumapili Wendell alikuwa Dorn kwa mama yake. Akaenda kituo cha mafuta kununua maziwa. Pale nyuma, karibu na mashine ya kahawa, kuna meza ambapo wanaume wa Dorn huketi asubuhi wakiwa na kofia zenye nembo za kampuni za mbegu za mahindi, wakihukumu dunia.

"Wendell! Ule mpira umeshatua?" aliuliza mmoja.

"Nasikia rubani mmoja ameuona karibu na Omaha," akasema mwingine.

"Sikurusha mimi. Alirusha mtoto wa Tharpe."

"Ndiyo, ndiyo. Na mimi mwaka jana trekta langu lilitumbukizwa mtaroni na upepo."

Watu hawa walimjua tangu akiwa na nepi. Walijua kila kuku aliyeuawa na mipira yake. Redio ilisema, wakaamini redio. Aliondoka bila maziwa.

Jioni ile ile aliendesha gari hadi Pell na kumfuata Baskin nyumbani kwake.

"Nataka useme ukweli, Kocha. Mwambie Oakes asahihishe."

"Kwa faida gani? Tumeshinda. Tumwaibishe Colby wa watu? Wewe unaondoka, Wendell. Huna cha kupoteza."

"Nina jina."

"Jina?" Baskin alicheka, tena bila ubaya, na hilo ndilo baya zaidi. "Kijana, kabla ya Jumamosi nani alikuwa analijua?"

Jumatatu kilikuwa chakula cha mwisho cha msimu, na kwa hiyo wanaomaliza walialikwa pamoja na wazazi wao. Herufi zilipangwa juu ya meza ya mbele, moja moja, kila P kwenye kiboksi chake. Kukawa na keki. Baskin akazima taa na kuwasha mkanda.

Nilidhani atakikata kile kipande cha mpira uliopaa. Hakukikata. Alijua watu wake. Kilipofika, Colby Tharpe alijaa kwenye skrini akiwa ameinama, ameupa ukumbi mgongo wake wote, na juu ya mgongo ule namba arobaini na saba ilikuwa pana kama mlango. Wendell alivaa hamsini na nane. Walimu, daktari wa meno, mchungaji, mkuu wa chuo mwenyewe, wote walitazama. Wote waliuona mpira ukipaa. Ukumbi ukaguna kwa pamoja. Daktari wa meno akanyoosha mkono na kumpapasa Wendell begani.

"Usijali, mwanangu. Hutokea."

Sijawahi kuona upofu uliovaa tai nyingi kiasi kile.

Wendell alisimama. "Kocha, naomba urudishe pale."

"Tuna ratiba, Wendell. Keki inangoja."

"Rudisha," alisema Arlene kutoka mezani kwake, bila kusimama. "Sikuacha watoto wa watu bila chakula cha mchana ili nije kula keki yako."

Baskin akarudisha. Wendell akasogea mpaka mbele na kuweka kidole kwenye skrini.

"Someni namba."

Mchungaji, kwa sauti ya mtu anayesoma lugha ya kigeni, akasema, "Arobaini na saba."

"Mimi ni hamsini na nane. Nimekuwa hamsini na nane kwa misimu minne."

Gil Tharpe akacheka kwa sauti yake ya kuuzia matrekta. "Jamani, jamani! Tumeshinda! Nani alirusha, nani hakurusha, mambo ya kitoto haya. Timu ni moja."

"Timu ni moja," Baskin akaitikia haraka.

"Sawa, Bwana Tharpe," Wendell alisema. "Tuseme nilirusha mimi, kama redio ilivyosema. Basi Colby hakucheza. Hakuingia uwanjani msimu mzima. Ile herufi pale mezani anapewa kwa lipi?"

Akaugeukia ukumbi mzima.

"Chagueni moja. Aibu iwe yangu na koti liwe lake? Hapana. Kama aliingia, alirusha. Kama hakurusha, hakuingia."

Colby akainuka, uso mwekundu hadi masikioni. "Baba, niliurusha mimi. Sema tu, yaishe."

"Kaa chini," alisema Gil Tharpe.

Nilimtazama mtu yule akipiga hesabu zake. Niliona wazi kwamba ukweli haukuwa sehemu ya hesabu hizo, wala mwanawe, aliyekuwa tayari ameshajisema. Alikuwa anapima kipi kitadumu: mpira mmoja mbovu ambao mji utausahau kabla ya Krismasi, au msumari mtupu ukutani, ambao kila mnunuzi wa trekta ataukuta pale maisha yote. Hakuchukua muda.

"Oakes," alimwambia mtangazaji, aliyekaa meza ya nyuma, "sahihisha kwenye redio. Alikuwa Colby. Na useme pia kwamba kijana alipewa kazi bila mazoezi."

Kwa hiyo jina la Wendell Kucera lilisafishwa na majivuno ya mtu mwingine. Haki ilikuwapo ukumbini tangu mwanzo, imekaa na kuku wake, haikunyanyua hata uma. Herufi zilipogawiwa, Wendell alipigiwa makofi ya kawaida. Colby alipopewa yake ukumbi mzima ulisimama, mchungaji akafuta machozi, na mkuu wa chuo akatamka neno "ujasiri" mara mbili. Colby hakuinua macho kutoka kwenye kile kiboksi. Angalau yeye aliona aibu. Ndiyo sababu namhesabu kuwa mtu pekee wa ukoo ule. Baskin hakumpa Wendell mkono. Mwaka uliofuata aliufuta ufadhili wa kazi ile, na nasikia siku hizi huko Pell hurusha yeyote aliye karibu.

Oakes alisahihisha Jumanne asubuhi, kati ya bei ya mahindi na bei ya nguruwe. Sentensi mbili, kavu. Alisema "ilibainika", kana kwamba jambo lilikuwa limefichwa pangoni.

Wendell alikuwa amerudi Dorn kwa mama yake. Siku hizi anauza bima ya mazao hapo hapo, na husema ni kazi nyingine ambayo watu hawaikumbuki mpaka mvua ya mawe ishuke. Asubuhi ile alirudi kituo cha mafuta kuchukua maziwa yake. Wale wanaume walikuwa mezani, redio ikiwa juu ya vichwa vyao.

"Wendell, njoo ukae! Sisi tulijua tangu mwanzo."

"Nilimwambia mke wangu Jumamosi ile ile," akasema yule wa rubani. "Nikamwambia, ule si mpira wa Kucera. Muulize."

"Ule mgongo haukuwa wako hata kidogo," akaongeza wa tatu, ambaye alikuwa amesikiliza kwenye redio ya gari.

Wendell aliwatazama mmoja mmoja. Nilitegemea, aliponisimulia, kusikia kwamba ulimi ule wake uliwachuna ngozi. Lakini alivuta kiti, akajimiminia kahawa, akasema, "Ahsanteni," na kuomba apitishiwe sukari.

Mimi nisingewajibu hivyo.